Sura ya Saba: Askari Watano wa Ijumaa

Siku mbili zilikuwa zimepita tangu maiti ya Fundi Kutu iondolewe, lakini harufu haikuwa na habari kwamba mwenyewe ameshaondoka. Ilimpokea Inspekta mlangoni, ikampandisha ngazi, ikamtangulia kuingia chumbani. Aliziba pua na mdomo kwa leso, akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu.

Kituoni walimwita Mama Kinyaa, naye alilijua jina hilo. Miaka kumi na tisa ya kesi za vifo haikumzoesha hata kidogo. Wenzake waliweza kutafuna mkate hatua tatu kutoka kwenye maiti; yeye siku kama hizo hata chai ilimshinda mpaka jioni. Mkuu wake alikuwa amemshauri zaidi ya mara moja aombe kuhamishiwa usalama barabarani.

Chumba kilikuwa karakana. Fundi Kutu alikuwa mpaka rangi wa magari kwa miaka thelathini na mitatu, kazi yake kuficha kutu za watu. Alipostaafu aligeuza kibao, akaanza kupaka kutu mahali ambapo haikuwapo. Watu wa klabu ya michezo ya mezani walimletea vijisanamu vya askari, kila kimoja urefu wa kidole gumba, naye akawavika deraya zilizochakaa: rangi imebanduka, chuma kimekwaruzika, kutu imechuruzika. Ukimtazama askari wake ungeapa amelala mvuani vita vitatu mfululizo. Hapo ndipo jina lilipomganda.

Alifanya kazi ameketi kwenye kigoda, mbele ya meza fupi, kama alivyozoea kuchuchumaa kando ya milango ya magari. Ukingoni mwa meza lilifungwa jiliwa la chuma la kubania vitu, na kona ya jiliwa hilo bado ilikuwa na nywele. Kopo la maji ya brashi lilikuwa limeota ngozi ya kijani. Kando yake sahani mbili zilizogandwa na ute wa yai zilikuwa zimepandwa na mayai mengine, ya inzi. Inspekta aligeuza uso, kisha akaurudisha.

Koplo alisimama kizingitini na jalada mkononi, akimsomea mambo aliyokwisha kuyajua. Jumatatu asubuhi jirani wa chini alilalamikia harufu; mlango uliofungwa kwa ufunguo ukavunjwa; mzee akakutwa kifudifudi kati ya kigoda na ukuta, kichwa kimepasuka upande wa kulia. Taa ya kukaushia rangi ilikuwa bado inawaka juu yake. Kwa joto lile daktari alikataa kutaja siku. Mbili hadi tano, alisema, na asisukumwe zaidi ya hapo.

Kwa hiyo siku ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, aliyeishi chumba cha pili naye akiwa na ufunguo, alikuwa ameeleza kwamba Ijumaa jioni mjomba wake alimkabidhi kwa mkono wake askari watano wa mwisho kati ya kumi na wawili walioagizwa na klabu. Jumamosi saa sita mchana aliwafikisha, akapanda basi moja kwa moja kwenda kumsalimia mama yake, akarudi Jumatatu na kukuta polisi ngazini. Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa alasiri, jirani alimwona fundi meno akigonga mlango wa mzee. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyetengeneza meno ya bandia kliniki, na kwa miaka minne alikuwa akija kila Jumapili kujifunza rangi. Alikuwa na ufunguo. Wiki moja kabla, yeye na mzee walisikika wakigombana hadi mtaani. Na mkono wa koti lake ulikuwa na matone mekundu.

Saa nane mchana angefikishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua.

"Matone yale maabara wamejibu," Koplo alisema. "Si damu. Ni nta ile wanayotengenezea ufizi wa bandia."

"Na bado yuko ndani."

"Ufunguo bado ni ufunguo, Afande."

Inspekta alikuwa ameinamia ndoo ya taka. Chini ya maganda ya mayai alitoa kwa koleo ndogo vipande vinne vya sponji vilivyochanwa kwa mkono, vimegandamana kwa rangi ya kahawia iliyokolea. Juu ya meza brashi nyembamba za mzee, saba kwa idadi, zilisimama kwenye gilasi, nyoya zake zimeoshwa na kuchongoka kama sindano. Zilikuwa kavu na zina vumbi. Alizitazama kwa muda, akavifunga vile vipande kwenye mfuko, akaandika saa, kisha akashuka ngazi upesi kuliko alivyopanda.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa na duka la miwani. Aliwatoa askari kumi na wawili kabatini wakiwa wamepangwa kwenye trei ya mayai, akaomba warudishwe wote, maana hawatapatikana wengine. Inspekta alimwandikia hati ya vielelezo. Alimuuliza walifika vipi, na mwenyekiti, mtu wa utaratibu, akamwonyesha chini ya kila kitako cha kusimamia alikobandika namba kwa mpangilio wa kupokea. Wa kwanza hadi wa saba walifika kwa vipindi mwezi mzima. Wa nane hadi wa kumi na mbili walifika Jumamosi, mpwa akiwa amewabeba. Klabu nzima ilisimama ikawapigia makofi.

"Nyie mliona tofauti yoyote?" Inspekta aliuliza.

Muuza miwani alivua miwani yake, akaifuta. Alisema mtu akishasikia kitu ni cha Fundi Kutu, hakitazami tena, anakishangaa tu.

Saa nne na nusu fundi meno aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji siku moja na alinuka hivyo. Kichwa kilikuwa kimefungwa leso iliyopinda, na mikono yake, mikono safi ya mtu anayesugua kucha kila baada ya kazi, ilikuwa imeshikana mapajani. Inspekta alimpa maji kwanza. Kisha akawapanga askari kumi na wawili mezani, amewachanganya, namba zimefunikwa kwa utepe mweusi.

"Dada, nataka unitenganishie hawa. Wa Fundi Kutu huku, wasio wake kule. Usiwainue."

"Kama wote ni wake?"

"Basi wote utawaweka huku."

Fundi meno aliomba kioo cha kukuzia, akapewa. Hakuchukua dakika nne. Aliwasukuma saba kulia kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayewaamsha. Watano aliwasukuma kushoto kwa mgongo wa kalamu, hakutaka hata kuwagusa.

Inspekta alibandua utepe. Upande wa kushoto zilikuwa namba nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

Alijua hakimu angesemaje. Kesi ya nyani hakimu ngedere: mtuhumiwa akipewa ushahidi wa kujiokoa, nani asiyejua atasema nini? Alitaka sababu ambazo hata mtu asiyejua brashi angeziona kwa macho yake.

Fundi meno akamwonyesha, na sauti yake ikapata nguvu kadiri alivyoeleza. Fundi Kutu alijua rangi inavyokufa kwa sababu aliizika maisha yake yote. Rangi haibanduki mahali pasipoguswa. Hubanduka ukingo wa ngao, magotini, kwenye viwiko, kwenye vifundo vya vidole. Kila kidonda alikichora kwa brashi, kimoja kimoja, kahawia iliyokolea. Kisha kwenye mdomo wa chini wa kidonda akapitisha uzi mmoja wa rangi iliyopauka, maana pale ndipo unene wa rangi unaposhika mwanga. Uzi huo ndio unaokudanganya kwamba kuna shimo. Ukiukosa, umepaka doa tu.

"Sasa mtazame huyu," alisema, akielekeza kalamu kwa namba tisa. "Amebanduka kwapani. Nani atapigwa rungu kwapani? Hana uzi wa mwanga hata mmoja. Huyu amechovywa kwa sponji mwili mzima, kama mtoto mwenye upele. Na kutu yake, Afande, tazama kutu yake."

Inspekta aliinama. Michirizi ya kutu ilianzia kwenye misumari ya deraya na kupanda kuelekea shingoni.

"Inapanda juu," alisema.

"Alimshika kichwa chini wakati anampaka, akasahau. Fundi asingesahau. Ningemletea kitu kama hiki angekidumbukiza kwenye tina ya kuyeyushia rangi mbele ya macho yangu. Ndicho tulichogombania wiki ile. Aliyayeyusha mabega ya askari wangu yote mawili kwa sababu kutu ilikuwa nyekundu mno. Nikamwambia ana roho mbaya. Nilirudi Jumamosi kumwomba radhi."

"Na ufunguo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao. Mtu haombwi radhi kwa kuvamiwa ndani kwake, Afande. Nikagonga, nikanyamaziwa, nikajua bado amenuna."

Inspekta alivitoa vile vipande vya sponji kwenye mfuko wake, akauliza vinatumikaje. Fundi meno alivitazama kwa dharau. Unachana kipande, alieleza, unachovya kwenye rangi, kisha kabla hujamgusa askari lazima upunguze: unagonga gonga sponji kwenye kitu mpaka ibaki kidogo tu. Usipopunguza, anakuwa matope.

"Mnagonga kwenye nini?"

"Karatasi. Gazeti. Kitu chochote kikavu kilicho karibu na mkono."

Inspekta alirudi kwa mawazo katika kile chumba: meza fupi, kigoda, ndoo ya taka. Hakukuwa na gazeti. Ndoo ilikuwa na maganda ya mayai na sponji, na hakuna hata kipande cha karatasi chenye rangi. Askari watano waliochovywa mwili mzima, na hakuna mahali popote aliyewapaka alipogonga sponji.

Aliinuka kabla fundi meno hajamaliza maji.

Shati la marehemu lilikuwa chumba cha vielelezo, ndani ya mifuko miwili. Mtaalamu wa maabara, kijana wa kike aliyevaa barakoa mbili, alilitandaza juu ya karatasi nyeupe chini ya taa. Lilikuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Damu ilikuwa imetoka kichwani ikashuka mgongoni upande wa kulia na kuganda, na siku za joto zikaongeza juu yake mambo ambayo Inspekta hakutaka kuyapa majina. Daktari alikuwa ameandika mstari mmoja: "Madoa ya damu, bega la kulia na mgongo." Kila mtu alikuwa ameusoma na kupita. Rangi ya michubuko ya deraya na rangi ya damu iliyokauka ni ndugu wa tumbo moja.

"Hapa," Inspekta alisema kupitia leso. "Chini ya bega. Ongeza ukubwa."

Kwenye kioo cha darubini doa likawa si doa tena. Likawa kundi la vitobo na vinundu, mpangilio ule ule wa uso wa sponji, umegongwa hapa, ukasogezwa, ukagongwa tena. Mtaalamu alihesabu hadi sitini na mbili kisha akaacha. Alilowesha pamba kwa spiriti akagusa ukingo mmoja. Damu ilibaki. Rangi ikatoka, kahawia, ikalowanisha pamba.

"Chini ya rangi, damu ikoje?"

Mtaalamu aliinamia darubini tena.

"Imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Rangi imeingia kwenye nyufa." Aliinua kichwa. "Afande, damu hii ilikuwa imekauka kabisa. Mtu alipaka juu yake baadaye. Saa nyingi baadaye."

Inspekta alitoka nje hadi kwenye bomba la uani, akatapika. Alipomaliza alisukutua, akanawa uso, akamwambia Koplo, aliyejifanya anatazama mawingu, kwamba amlete mpwa, na amwombe karani wa mahakama aisogeze kesi ya fundi meno mwisho wa orodha.

Mpwa alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mnene kidogo, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amejipaka manukato mengi. Alimwamkia Inspekta kwa heshima, akamwita mama, akauliza kama maziko yanaweza kupangwa, kwa sababu mama yake analia tu. Inspekta alimuuliza alimkutaje mama yake Jumamosi. Mzima, alisema. Walikula pamoja. Alimpelekea salamu za kaka yake.

Inspekta akawaweka wale watano mbele yake.

Mpwa alirudia maelezo yake bila kukosea neno: Ijumaa jioni, mkono wa mjomba, rangi bado inanata. Inspekta aliandika. Bila kuinua macho alisema kwamba inasikitisha mzee kufunga kazi yake na hawa, kwa sababu mtu anayejua amewaona na amesema ndio wabaya kuliko wote aliowahi kuwapaka.

Kalamu ilisikika ikitembea kwenye karatasi.

"Nani kasema?" mpwa aliuliza.

"Mtu anayejua."

"Klabu walisimama. Walipiga makofi."

"Walimpigia mjomba wako."

Shingo ya mpwa ilikuwa imeanza kulowa. Inspekta hakumpa muda. Aliweka picha ya shati juu ya meza, kubwa, alama za sponji zimezungushiwa duara jekundu, akamweleza taratibu damu iliyopasuka na rangi iliyoingia nyufani. Akamweleza kwamba fundi meno Alhamisi na Ijumaa alikuwa kliniki kuanzia asubuhi hadi jioni, wagonjwa kumi na wanne ni mashahidi, na kwamba askari hawa walifika klabuni saa tatu nzima kabla yeye hajagonga mlango. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ufunguo, na muda, na askari hawa mkononi.

"Swali langu ni dogo," alisema. "Kwa nini kwenye mgongo wake?"

Mpwa aliitazama picha. Hakuonekana kuogopa, wala kuona haya. Alionekana kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida.

"Karatasi zilikuwa zimeisha," alisema.

Koplo, aliyekuwa akiandika pembeni, alisimamisha kalamu. Inspekta alimwashiria aendelee.

Yaliyobaki yalitoka yenyewe, wala hayakuhitaji kusukumwa. Jumatano asubuhi alimwonyesha mjomba askari aliyempaka kwa siri wiki mbili. Mjomba alimgeuza huku na huku, akasema mkono huu haujazaliwa, akamdumbukiza kwenye tina. Mpwa akamsukuma. Mara moja tu, alisema. Jiliwa lilikuwepo. Alikaa ngazini hadi jioni akifikiri, akaona kwamba kama kazi ingekamilika, watu wangeamini mjomba alikuwa hai hadi Ijumaa, na Jumamosi yeye angekuwa mbali. Akarudi, akaketi kwenye kigoda. Mahali pa kumhamishia mzee hapakuwepo, chumba ni kidogo.

"Siku mbili," Inspekta alisema. "Ulikula pale pale."

"Nilikuwa na haraka."

"Na taa? Uliiwasha ili daktari asijue siku?"

Alitikisa kichwa, kama aliyesingiziwa.

"Nilitaka rangi ikauke."

Inspekta alifungua dirisha. Manukato ya mpwa yalikuwa yamejaa chumba, na chini yake, au pengine ni mawazo yake tu, ilikuwepo ile harufu ya ngazini. Aliagiza maelezo yaandikwe safi na fundi meno afunguliwe mara moja, arudishiwe koti lake, kamba za viatu vyake, na ufunguo ubaki kama kielelezo. Karani wa mahakama apigiwe simu: jina kwenye hati linabadilika.

Koplo aliandika kurasa tatu. Alizisoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, aya baada ya aya, na mpwa akaitikia kila aya kwa kichwa: kwamba alimsukuma mjomba wake, kwamba hakuita msaada ingawa mzee alikuwa bado anakoroma, kwamba alimsikia akikoroma hadi adhuhuri. Inspekta, aliyekuwa ametoka kupiga simu hilo la kukoroma liliposemwa, alishika ukingo wa meza. Kwamba Alhamisi na Ijumaa aliketi kando ya maiti. Kwamba alipaka askari watano hovyo hovyo kwa sponji.

"Hapo," mpwa alisema.

Koplo aliinua macho.

"Hapo sikubali. Niliwapaka kwa makini. Futa hovyo."

Hakuna aliyecheka. Sheria inampa mtu haki ya kusahihisha maelezo yake, na Inspekta alikuwa mtu wa sheria. Alimsogezea kalamu. Mpwa aliinama, akalikata neno kwa mstari mmoja mwembamba ulionyooka, akaandika herufi za jina lake pembeni kuthibitisha. Kisha akaweka sahihi chini ya kurasa zote tatu, akasukuma karatasi mbele, na kuuliza kama wale watano watarudishwa klabuni.